Fundi Krispini na Valvu za Mwalimu

Mimi si mwepesi wa kusema asante. Nauza mchele wa Mpimbwe pale sokoni, na mteja akinishukuru kwa kumpimia vizuri namwambia aende zake, kwani kupima vizuri ndiyo kazi yangu. Lakini yupo mtu mmoja hapa Mpanda ambaye nilimshukuru mbele ya watu huku nalia, na sioni aibu kulisema. Ni Fundi Krispini wa Shanwe. Namweleza mimi kwa sababu mwenyewe hataweza. Ukimwuliza habari za maisha yake, atakuuliza redio yako ina tatizo gani.

Ni Mkonongo wa kule Inyonga, sasa ana miaka sitini na saba. Alikuja mjini akiwa kijana, akapata kibarua cha kupakua magunia stesheni. Kwa ujira wake wa kwanza alinunua redio, na redio yenyewe ikanyamaza kabla mwezi haujaisha. Akaifungua mwenyewe, akashindwa kuifunga. Akaibeba kwenye kapu, vipande vipande, mpaka kwa marehemu Celestin, aliyekuwa fundi wa redio za watu wa reli. Celestin alicheka, akasema hatamtengenezea, atamfundisha atengeneze mwenyewe ili asimsumbue tena. Krispini mpaka leo anasema hakuna neno alilowahi kuambiwa lililomfaa kuliko lile.

Kibanda chake kiko barazani kwake. Siku hizi kazi kubwa ni chaja za simu, taa za sola na sabufa za vijana, hizi zinazotikisa mabati. Anazitengeneza zote bila kunung'unika. Ila hakuna siku utamsikia akisema kitu kimekufa. Atakwambia, "Hii haijaongea bado." Kuna redio kwenye rafu yake haijaongea tangu mwanangu wa kwanza anaanza shule, na jina la mwenyewe bado limeandikwa juu yake kwa chaki.

Sasa niwaeleze na baba yangu, maana bila yeye hakuna kisa. Baba ni Mwalimu Ladislas wa Nsemulwa. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kwaya ya kigango chetu Kawajense ameifundisha miaka arobaini na moja. Sebuleni kwake kuna amplifaya ya chuma aliyorithi kwa babu. Babu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa mgodini, na mzungu huyo alipoondoka alimwachia amplifaya hiyo na spika moja kubwa ya sanduku la mbao. Ni ya valvu. Kwa wasiozijua, valvu ni kidude cha kioo mfano wa taa ndogo, kinachomekwa juu ya mashine; ndani kuna waya unaowaka rangi ya chungwa, na hicho ndicho kinachokuza sauti. Ukiwasha lazima usubiri zipate moto ndipo usikie kitu. Sisi watoto tulikuwa tunahesabu mpaka thelathini.

Wimbo wowote mpya wa kwaya ulipita kwanza sebuleni kwetu. Zamani ulikuja kwenye kaseti, siku hizi unakuja kwenye simu, baba anachomeka waya. Anakaa mbele ya spika na daftari lake, anasikiliza mara kumi, mara ishirini, anaandika sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu Jumamosi anakuja nazo kichwani na kutugawia sisi wanakwaya.

Miezi michache baada ya umeme wa gridi ya taifa kufika kwetu Katavi, amplifaya ikaanza kukwaruza. Baba alisema sauti zina mchanga. Akabadilisha nyimbo, mchanga ukabaki. Jumamosi moja mazoezini akawaambia wanaume wa sauti ya tatu kwamba wanakwaruza, na Martin, msaidizi wake, akamjibu kwa adabu zote, "Mwalimu, mbona tuko sawa?" Baba hakubisha. Alimaliza mazoezi, akampa Martin daftari, akarudi nyumbani.

Jioni hiyo aliniambia, "Mama, naona ni valvu. Kama si valvu, basi ni masikio yangu. Na kama ni masikio, kwaya sirudi. Siwezi kusimama mbele ya watu na kuwasahihisha wakati sisikii."

Baba ana miaka sabini na sita. Mama yetu alishafariki. Akiondolewa kwaya, sijui kinachobaki. Nilimwomba Mungu iwe valvu, na nikamfuata Fundi Krispini.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mafundi nao wana dini zao. Krispini alikuwa na imani moja, kwamba valvu za zamani ni bora kuliko mpya, na alikuwa ameihubiri miaka thelathini kwa yeyote aliyesimama barazani kwake. Alisema za zamani zilitengenezwa na watu wenye subira, zina sauti nene, tamu, inayokufikia taratibu. Hizi mpya, alisema, ni kioo na haraka tu. Zilipokufa za baba, ndugu yangu Zefania aliyeko Dar es Salaam alituma mpya. Krispini akazichomeka. Zikakwaruza tangu siku ya kwanza, na baada ya miezi miwili vyuma vya ndani vikawa vinawaka vyekundu, zikafa. Zefania akatuma nyingine. Yakawa yale yale.

"Umeona, Mwalimu?" Krispini akasema. "Vitu vya siku hizi."

"Nimeona," baba akajibu.

Basi wakakaa wazee wawili, wanasifu valvu za zamani, wanasifu baiskeli za zamani, wanasifu sabuni za zamani. Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikawauliza, kama vya zamani vilikuwa imara hivyo, mbona ndivyo vilivyotangulia kufa? Wakanitazama kana kwamba nimetukana altareni. Zefania alipotuma valvu kwa mara ya tatu, baba hakutaka hata boksi lifunguliwe. Alisema zitafutwe za zamani.

Lakini za zamani Mpanda hii utazitoa wapi? Zilikuwepo kwa mtu mmoja tu. Krispini alikuwa na valvu alizoachiwa na Celestin alipokuwa anaumwa, zilizofaa mashine ya baba, ambazo hazijawahi kuwashwa tangu zitoke kiwandani. Alizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa vipande vya kitenge. Alikuwa hawaonyeshi watu. Mkewe, mama Kasilda, aliniambia kila Krismasi huzitoa, anazifuta vumbi, anazirudisha.

Jumanne moja asubuhi alikuja Nsemulwa amevaa shati la kanisani, na kopo lile mkononi. Alisema tu, "Mwalimu, hizi za Celestin. Zikiongea vizuri, zibaki hapa." Nilijua anatoa kitu ambacho hatakipata tena.

Akazichomeka. Akawasha. Tukasubiri. Kisha ukaingia wimbo, na mchanga ukaingia nao, ule ule, bila tofauti yoyote.

Baba alisikiliza ubeti mmoja. Akainuka, akazima, akachukua kitambaa cha meza alichodarizi marehemu mama, akaifunika amplifaya yote. "Asante Krispini," alisema. "Umenitoa wasiwasi. Sasa najua." Nikamwambia hata sisi tunausikia mchanga; akasema wanaume wa sauti ya tatu hawana valvu. Halafu akaenda nyuma ya nyumba kupalilia mchicha wake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nililia jikoni.

Kesho yake asubuhi sikufungua genge. Nilikwenda moja kwa moja Shanwe, nimevimba. Mama Kasilda alikuwa barazani anapiga pasi sare za shule, maana anafua na kupiga pasi nguo za watu. Fundi alikuwa kwenye meza yake, mbele yake valvu zote za baba zilizokufa, amezipanga, anazitazama. Sikusalimia.

"Fundi, umemzika baba yangu akiwa hai," nikamwambia. "Wewe na valvu zako za zamani! Kila siku za zamani, za zamani! Kama hukujua tatizo ungesema hujui, tukampeleka hospitali mapema!"

Krispini aliinamisha kichwa. Mama Kasilda, kwa kutaka kupoza mambo, akanivutia kigoda. "Kaa, mwanangu. Ila usisogelee hii pasi, siku hizi inaunguza vibaya. Zamani, kwenye umeme ule wa jenereta, nilikuwa naiweka namba ya mwisho kabisa na sketi bado zinabaki na makunyanzi. Tangu uje huu umeme mpya ni namba mbili tu, ukizubaa umetoboa shati."

Nilikuwa najiandaa kuendelea kugomba. Lakini Fundi aliinua kichwa.

"Ulipunguza lini, Kasilda?"

"Siku ile ile ulipokuja. Si niliunguza shati la yule afisa? Umesahau?"

Krispini akaweka mkono kichwani. Halafu akasema, "Wewe ulipunguza. Mimi sikupunguza."

Akanieleza. Nyuma ya amplifaya ya baba kuna kibao kidogo chenye matundu matatu, yameandikwa 200, 220 na 240, na skrubu moja. Skrubu ndiyo inayoiambia mashine itegemee umeme wa nguvu gani. Enzi za jenereta, umeme ulikuwa ukilegea jioni, taa zinakuwa nyekundu, redio zinaongea kwa unyonge. Basi mafundi wa Mpanda walikuwa na ujanja wao. Kila mashine yenye kibao hicho waliihamisha skrubu kwenye 200, ili umeme ule mnyonge uitoshe. Ndivyo walivyofanya wote, na watu waliwashukuru. Krispini mwenyewe ndiye aliyehamisha ya baba, na baba alimpa kuku.

Gridi ilipokuja, umeme ukawa kamili. Watu walifurahi, wakanunua friji. Hakuna fundi aliyepita nyumba kwa nyumba kurudisha skrubu. Amplifaya ya baba ikawa inalishwa kupita kiasi kila inapowashwa, na valvu zinaungua, ziwe za zamani, ziwe mpya.

"Nimezipima valvu zote hizi," Fundi alisema. "Nimepima waya, nimepima spika. Ile skrubu sikuigusa. Niliiweka mwenyewe, nikaiamini. Nikalaumu viwanda vya watu."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo namshukuru huyu mzee. Angeweza kunyamaza. Mimi sijui skrubu wala volti. Angekuja nyumbani, akaigeuza kimya kimya, akasema valvu za Celestin zilihitaji siku moja kuzoea, nasi tungemwita bingwa na imani yake ingebaki salama. Badala yake alifunga kibanda, akamwambia mkewe aweke pasi chini, tukaenda wote watatu Nsemulwa jua likiwa utosini. Baba alikuwa amekaa sebuleni, amplifaya imefunikwa. Krispini hakukaa. Alisema, "Mwalimu, ni mimi," akaeleza yote, tangu jenereta mpaka kuku.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua kitambaa kile mwenyewe, akakikunja vizuri. "Geuza," akasema.

Fundi aliihamisha skrubu mpaka 240. Akakuta rizista moja, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme, imeungua ikawa nyeusi, akaibadilisha. Akawasha na valvu za Celestin. Tukasubiri. Wimbo ukaingia msafi, jamani. Nilikuwa nimesahau kwamba sebule yetu inaweza kusikika hivyo. Mama Kasilda alipiga makofi.

Lakini baba ni mwalimu, haamini jibu moja. Alisema, "Toeni na zile za Zefania." Boksi la tatu likafunguliwa. Akataka azipime bila kuona. Mimi na mama Kasilda tukashika kitenge mbele ya mashine, Fundi nyuma yake anazima, anasubiri zipoe, anabadilisha kwa kitambaa au anajifanya kubadilisha, anawasha. Kitufe cha sauti alikitia alama ya chaki, ili pasiwe na inayoshinda kwa kupiga kelele zaidi. Baba akisikia anasema, "Za zamani," au "Mpya." Tulifanya mara tano. Akapatia mbili.

"Hebu na mimi," Fundi akasema. Akakaa kwenye kiti cha baba, akafumba macho, nami nikabadilisha kama alivyonielekeza. Mara nne. Akakosa tatu. Ya mwisho, alipoisifia sauti nene na tamu inayokufikia taratibu, nikadondosha kitenge akaona za Zefania zinawaka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. "Miaka thelathini nimehubiri! Celestin angenichapa. Kasilda, unaona mumeo?"

"Mimi siku zote nasikia redio tu," mama Kasilda akajibu.

Fundi akasema, labda kwenye mashine nyingine, na mtu mwingine, tofauti ipo. Hawezi kuapa kwamba haipo. Ila yeye haisikii, na kuanzia leo hatamwambia mtu asichokisikia. Valvu ikiwa nzima na imelishwa inavyotakiwa, alisema, itaimba, hata kama imezaliwa mwaka huu.

Baba hakucheka. Alikuwa ametazama sakafuni. "Mchanga umetoka, namshukuru Mungu," alisema. "Na mkwaruzo wa mashine sikuusikia peke yangu, nimeelewa; labda niliubeba kichwani mpaka mazoezini. Lakini hizi valvu nimeshindwa kuzitofautisha."

"Hata mimi, Mwalimu," Fundi akasema.

"Wewe huongozi kwaya, Krispini. Nitajuaje kama nasikia yote? Labda vimebaki vikubwa tu, vidogo vimeshapita."

Tulikuwa tumetoka mbali kiasi kile, skrubu imegeuzwa, sauti imepona, na mzee bado yuko pale pale. Nikachukua simu yangu, kwa kukosa la kufanya tu, nikachomeka waya, nikaweka wimbo tulioimba Jumapili iliyopita, nilioupokea kwenye kundi la kwaya. Watu arobaini na zaidi, ngoma na kayamba juu yao. Nilitaka asikie wenzake, basi.

Baba alifumba macho. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ulipofika mwishoni akainua kidole.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Tena."

Nikarudisha tena. Fundi alisogea karibu na spika. Mama Kasilda akauliza, "Kuna nini? Mimi sisikii kitu."

"Hata mimi sisikii," Fundi akasema.

"Sauti ya pili," baba akasema. "Wako kumi hivi. Mmoja neno la mwisho linamshuka. Kidogo sana, anaishiwa pumzi. Martin hajasikia?"

Nikamwambia Martin hakusema kitu, na hakuna mtu yeyote kwaya nzima aliyesema kitu. Nilitaka kuongeza kwamba wimbo ulisifiwa, na padri alitupongeza. Lakini baba alikuwa amefumbua macho na ananitazama mimi.

"Getrude," akasema. "Ni wewe."

Ni mimi. Nilikuwa nalijua neno lile linanishinda, na nilikuwa nimeshukuru moyoni kwamba ngoma zinanifunika. Nililia pale pale, kwa sauti. Nikamshika Fundi Krispini mikono yote miwili, mikono yake yenye makovu ya kuchomelea, nikamwambia asante, na asante tena, na anisamehe maneno ya asubuhi. Naye akawa anasema, "Sasa unalia nini, mama, si imeongea?" huku na yeye macho yamemjaa. Mama Kasilda alikuwa amekumbatia kitenge anasema amina, amina.

Baba hakutushughulikia. Alikuwa anapapasa mfukoni anatafuta kalamu.

"Acha kulia, koo linakaza," alisema. "Simama wima. Vuta pumzi kabla ya neno la tatu, si la nne. Haya, imba."

Nikaimba.

"Bado," baba akasema. "Tena."